Mama Mkwe na Cheni ya Pikapu

Mama Nyaguthii,

Githeri iko kwa sufuria, na ndama ameshakunywa. Usishtuke: mama yako hajafika Timboroa. Tuko kwa fundi Joash, hapa Kiplombe. Nimerudi mbio tu kumchukulia chai na blanketi.

Asubuhi nikiwasha pikapu nimpeleke kwake, injini ililia kama mawe kwa debe, ile kelele umenilalamikia tangu mavuno. Nikamwambia, "Ni uzee tu, Mama." Akanijibu, "Mimi ni mzee na silii hivyo."

~~Nikaamua mwenyewe tupitie kwa fundi.~~ Nimekata hiyo, maana mama yako atakuambia ukweli. Alishika mlango akasema tusipopitia kwa fundi atashuka hata kama gari inatembea.

Joash alifungua injini akatuonyesha cheni ya taiming, ile inayoendesha valvu ndani ya injini. Imelegea kama mshipi wangu wakati wa njaa. Anasema gari iliyotembea sana hivi, ikianza kulia ukiiwasha, cheni ibadilishwe mara moja. Ukingoja ikatike, valvu zinapinda na injini inakufa. Ingekatika kwa mlima wa Timboroa, mama yako akiwa kando yangu! Na mimi ndiye huwafundisha wanaume wa kanisa mambo ya magari.

Nilitaka kumtafutia matatu ya kumpeleka kwake, akakataa. Ameketi kwa benchi akiangalia kila boliti ikirudi. Anasema atakaa kwetu wiki nyingine, asikilize hiyo injini kila asubuhi. Tafadhali mtandikie kitanda.

Baba Nyaguthii, dereva wa kuamriwa