Eevi Ameacha Zamu

Jumatatu, 3 Novemba

Ukungu. Tumebaki wauguzi wanne kwa vitanda kumi na vinane. Mwaka juzi tulikuwa tisa. Wengine wako Ufini, wanatutumia picha za majiko yao mapya. Sina kinyongo. Sina chochote, kwa kweli — hata wivu unataka nguvu.

Leo nimeazima muuguzi wa siku mbili kutoka hospitali ya Tartu. Dakika kumi na moja tu! Zamani tungesubiri vyeti wiki tatu, na mihuri, na barua ya mwajiri wa mwisho. Sasa kozi za kila mtu na zamu zake zote ziko kwenye daftari moja, kila hospitali ina nakala, na kilichoandikwa hakifutiki. Ndiyo blokcheni yenyewe. Sisi tunaiita mnyororo. Kaupo wa kompyuta alitufundisha kwa kuchora treni ubaoni: behewa likishafungwa katikati hulitoi. Eevi, muuguzi mwenzangu, akamuuliza kama kwenye treni hiyo kuna muuguzi hata mmoja, maana huku hatujamwona. Tulicheka siku ile.

Mama yake Eevi amefariki leo, saa nne asubuhi, ghorofa ya chini, wodi ya wazee. Eevi alikuwa anamfunga mtu bandeji. Nikamwambia nenda, hapa nitamalizia mimi. Akaenda na glavu mikononi. Nikamalizia bandeji, nikagawa dawa, nikala supu. Machozi hayakuja.

Jumapili, 9 Novemba

Jana mazishi. Mvua nyembamba. Eevi alimwaga mchanga kaburini kwa koleo dogo mara tatu, kama desturi, akanipa mimi. Alinishika mkono muda mrefu. Nilikuwa nawaza nani atashika zamu ya Jumanne.

Leo nimefunga zamu za wiki kwenye mnyororo. Mistari ishirini na sita. Kadi ya kitambulisho kwenye kisomeo, namba ya siri ya pili, ile ya kusainia, tarakimu tano, kwisha. Kwetu hapa tunasaini kila kitu hivyo, kuanzia kodi hadi kura. Mkono unamaliza kabla kichwa hakijafika. Nilikuwa nakula mkate mweusi na samaki wa kopo. Nilipangusa vidole kwanza, angalau hilo.

Jumatano, 12 Novemba

Eevi anahama. Kuressaare, kisiwani, kwa binti yake aliyejifungua mapacha. Zahanati ya huko inamtaka. Kaniambia tukikunja mashuka.

"Mama ndiye aliyenishika hapa," akasema. "Sasa nikae kwa ajili ya nini, supu ya kantini?"

Nikamwambia hongera. Nikaendelea kukunja. Kichwani: watatu kwa kumi na vinane.

Alhamisi, 13 Novemba

Zahanati imemkataa. Si watu — mashine yao. Imesoma mnyororo ikakuta: tarehe 3 Novemba, *ameacha zamu*. Imesainiwa na muuguzi mkuu. Mimi.

Mfumo una majibu mawili tu ya mwisho wa zamu: amemaliza, au ameacha. Mtu asipopitisha kadi mlangoni wakati wa kutoka, wenyewe unajijazia la pili, na mimi natakiwa kubadilisha kabla ya kusaini. Eevi angepitisha kadi vipi, alikuwa anakimbia kwa maiti ya mama yake. Miaka thelathini na moja kazini, hajawahi kuchelewa hata siku ya theluji ile kubwa. Nilisaini bila kusoma.

Sikumficha. Nilimwambia kosa ni langu. Akasema, "Ulikuwa umechoka, Helve. Sote tumechoka." Ningependa zaidi angenitukana.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimempigia Kaupo.

"Kufuta, sahau," akasema. "Ila unaongeza mstari chini yake. Unaandika: nilimruhusu mimi, nikasaini bila kusoma. Mashine ya kule ikiuona mstari huo inamfungulia. Dakika mbili, bosi. Hata kahawa haitapoa."

"Na huo mstari wangu nao haufutiki?"

"Haufutiki. Lakini nani atausoma? Wewe mwenyewe husomi."

Alikuwa anatania. Nikamwambia nitaandika kesho.

Jumatatu, 17 Novemba

Sijaandika. Jumamosi tulilaza watu watano, Jumapili nililala. Leo nilikuwa na nafasi, mchana, dakika arobaini nzima. Nilipanga soksi za wagonjwa kwenye kabati.

Mzee wa kitanda cha saba hamezi dawa ila kwa Eevi. Eti atamngoja yule mwenye mikono ya moto. Nimesimama mlangoni nikawaona. Anamtania, "Mzee, hii ukiitema utanioa," na mzee anameza huku akicheka mpaka anakohoa.

Jikoni Daktari Urmas alikuwa anamwambia mtu kwenye simu kwamba Eevi akiondoka tubandike karatasi mlangoni, tuzime taa. Hakujua nipo nyuma yake. Au alijua.

Jumatano, 19 Novemba

Eevi kaja ofisini. Hakuketi.

"Sikuharakishi," akasema. "Ila wananingoja mpaka Ijumaa saa sita mchana. Baada ya hapo wanampa mwingine."

Nikamwambia leo leo. Alipotoka niliuandika mstari. Nikausoma. Nikafunga skrini bila kusaini. Baada ya chakula nikauandika tena, nikafunga tena.

Nijiambie ukweli hapa, hakuna mwingine anayesoma. Siogopi aibu. Nimeshaivaa, hainibani. Ni kwamba tangu Alhamisi iliyopita, tangu wamkatae, nimekuwa nalala vizuri. Ratiba ya Desemba imejaa. Jina lake liko kila mahali nilipokuwa na pengo. Mnyororo uliletwa ili tupate wauguzi, na kwa kosa langu umenipatia mmoja.

Sijaamua kumzuia. Ningekuwa nimeamua, ningejua mimi ni mtu wa namna gani. Nangoja tu siku zipite.

Ijumaa, 21 Novemba

Saa sita kasoro dakika ishirini Eevi kachungulia.

"Vipi, mstari umeingia?"

"Mfumo umekwama," nikasema. "Tangu asubuhi."

Ulitoka laini, uongo huo, kama kuomba chumvi.

Haujakwama. Mstari uko mbele yangu, umekamilika, kadi iko ndani. Unangoja tarakimu tano.

Hakugombana. Akasema basi usihangaike, akaenda kumpigia Kaupo apande aje aurekebishe. Kisha akarudi na kahawa na kipande cha mkate, akaviweka hapa mezani. "Hujala kitu tangu asubuhi, nimekuona." Akasema binti yake ameshapaka rangi chumba, rangi ya njano. Akasema kama haitawezekana, basi, Mungu hakupanga, nimwekee zamu ya mchana Jumatatu. Akatoka kumngoja Kaupo kwenye korido.

Nilisikia nafuu aliposema Jumatatu. Ndicho kitu pekee nilichosikia moyoni mwezi huu wote.

Saa sita kasoro dakika saba. Kaupo amefika ghorofani, anahema kwa ngazi. Anamuuliza Eevi skrini inasema nini. Eevi anamjibu hajui, Helve ndiye aliyeiona. Anamwambia amsalimie taratibu, mama wa watu ana wiki mbili hajapumzika.

Wamesimama kwenye kabati la mashuka. Nikisaini sasa, Kaupo atakuta imekwisha, na wodi itabaki na watatu. Nikifunga, atawasha na kuona mfumo haukukwama kamwe. Kalamu ninayoandikia haya iko mkono wa kulia, na mkono wa kulia ndio ninaobonyezea tarakimu.