Nani Aliotea?

Jumamosi, 1 Novemba
Nimekamua. Nimegeuza mahindi kwa turubai mara mbili. Mawingu upande wa Moiben, kwa hivyo uwanjani sikwenda. Jerono alikwenda na kibendera chake. Mjukuu wangu huyu wa kike nimemlea tangu mama yake afe. Sasa ana miaka ishirini na mitatu na cheti cha urefa. Leo alikuwa lainsmani. Sisi na Moi's Bridge, nusu fainali. Atakayechukua kombe anapewa ng'ombe ndume.

Amerudi na tope mgongoni. Tope la kurushiwa.

Dakika ya mwisho Kimutai, mtoto wa jirani yangu, alifunga. Jerono akainua bendera. Bao likakataliwa, tukatolewa. Nikamuuliza sababu. Akaniambia mimi nyanya yake, "Kogo, aliotea." Hilo neno nalijua kwa redio. Ni mtu kutangulia mbele ya mabeki wote, amebaki na kipa tu, anangoja mpira karibu na goli kama jogoo mlangoni kwa ghala.

Nimeifua jaketi yake. Nina hasira ya kuuma mtu.

Jumapili, 2 Novemba
Kanisani. Mchungaji alisema tusalimiane. Mama Kimutai akaangalia mkono wangu kama umeshika mavi ya kuku. Mungu ameona. Na mimi nimeona.

Jumatatu, 3 Novemba
Poshomili. Foleni ndefu ya akina mama. Mama Kimutai akauliza kwa sauti, ili wote wasikie, "Kwani ni kweli Jerono alimwotea mtoto wangu?"

Nilifurahi kuulizwa. Nikajibu, "Aliotea! Aliotea kabisa! Jerono mwenyewe aliniambia."

Wakaangaliana wote. Nikajua nimewafunga mdomo. Nikabeba unga wangu nikitembea kama bibi ya chifu.

Jumanne, 4 Novemba
Mimi ni mjinga. Hata hizi herufi ni Jerono alinifundisha nikiwa mzee tayari.

Mwenyekiti wa mashindano amempigia simu. Fainali ya Jumamosi ilikuwa yake, apulize filimbi katikati ya uwanja, mara ya kwanza. Ameondolewa. Tena wanaandika barua anyang'anywe cheti. Ati alimvizia Kimutai kwa sababu walikuwa wakiongea zamani na Kimutai akamwacha. Shahidi ni nani? Nyanya yake mwenyewe. Alisema poshomili, mbele ya watu.

Mama Kimutai aliuliza kuotea kwa chui. Chui hujificha majanini, huotea mbuzi. Mimi nikajibu kuotea kwa mpira. Nilisema "aliotea" na sikusema ni nani. Wao wakajaza jina la Jerono.

Jerono hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Jumatano, 5 Novemba
Nimemwambia nitaenda kwa kamati. Amekataa. Ati watasema amenipanga.

Tulikuwa tunachagua maharagwe. Akaanza kunihadithia, nafikiri ni kujipa moyo. Huko Mexico, zamani, Kombe la Dunia, mchezaji mmoja mfupi wa Argentina aliwafunga Waingereza kwa mkono. Mkono kabisa. Refa hakuona, akahesabu. Na huyo refa alikuwa Mwafrika mwenzetu, wa Tunisia. Dunia nzima imemsema mpaka leo. Yule mfupi, miaka mingi baadaye, alimtembelea refa nyumbani kwake wakakumbatiana. Mimi nilitaka kujua jambo moja tu. Huyo refa, siku ile alikuwa na mama? Mama alienda kuteka maji wapi kesho yake? Jerono hajui. Ati vitabu havikuandika. Basi ni vitabu vya bure.

Ile ya Ghana nilijionea kwa macho, mwaka wa Kombe la Dunia Afrika Kusini. Yule wa Uruguay alizuia mpira kwa mikono mstarini. Refa akaona vizuri, akatoa kadi nyekundu, akatoa penalti. Penalti ikagonga mwamba. Tulilia Afrika nzima.

Refa akikosea, kilio. Refa akipatia, kilio. Kazi gani hii mtoto wangu amechagua?

Alhamisi, 6 Novemba
Mwenye pikipiki ya maziwa amepita bila kusimama. Amepiga honi tu, ya madharau. Maziwa nimempa ndama, mengine mbwa. Mbwa ndiye mtu pekee mwenye akili hapa.

Ijumaa, 7 Novemba
Nimeenda. Sikumwambia Jerono. Nimemkuta huko ameitwa, amesimama kama mwizi.

Kamati ilikuwa nyumbani kwa mwenyekiti, chai na mandazi. "Mama, keti kwanza." Sikuketi. Nikawaambia, mjinga ni mimi. Chui huotea mbuzi. Kimutai aliotea mpira. Jerono hakuotea mtu, aliinua kitambaa.

Mzee mmoja akacheka mpaka chai ikamwagika. "Kumbe Kogo ni mtangazaji!"

Mama Kimutai akaruka. "Amefundishwa huyu!"

Nikamwambia, "Shule sikuingia hata siku moja. Ningekuwa nimefundishwa, singekosea Jumatatu."

Halafu nikamgeukia Kimutai, alikuwa hapo pembeni na viatu vipya. Nikamuuliza, "Mtoto wangu, nilikubeba mgongoni ukiwa na surua. Ulipopewa mpira, mbele yako kulikuwa na nani?"

Akaangalia viatu. Mama yake akamvuta mkono wa shati.

"Kipa," akasema.

"Na nani mwingine?"

"Kipa peke yake, Kogo."

Hata mwenyekiti aliacha kutafuna. Barua ikapasuliwa. Filimbi ni ya Jerono.

Nikafanya na lingine. Nikasema, "Jerono, nisamehe," mbele ya wanaume wote. Neno ambalo marehemu mume wangu alilingoja miaka arobaini na hakulipata.

Tulirudi kwa miguu. Alinishika mkono kwenye daraja, sijui ni kwa sababu ya utelezi.

Jumamosi, 8 Novemba
Amepuliza. Wametusi. Wamemtusi yeye, mimi, na mama yake aliye kaburini. Nilikaa na stuli yangu karibu na mstari na fimbo magotini. Moi's Bridge wamechukua ndume. Alitoa kadi nyekundu moja, akaendelea na mchezo.

Jumapili, 9 Novemba
Jerono amelala mpaka saa tatu. Kanisani hatujaenda. Nimekaa mlangoni, na anayekuja kuita namwonyesha kidole mdomoni. Kuku nimewafukuza nyuma ya nyumba.

Mama Kimutai amepita barabarani akiimba kwa nguvu, makusudi. Nilimtazama tu.

Akapunguza sauti.