Motokari ya Papa Imenyamaza

Siku ya posho, Jumamosi, mangaribi

Kumbe mtu anaweza kuharibu kitu kwa kukitengeneza.

Miezi mitatu nimehangaika na motokari ya marehemu papa yangu: breki mpya, viti vipya, taa zinazowaka zote mbili. Leo fundi wetu, mekanisie Papa Ngoie, amemalizia na bomba jipya la moshi. Nimetoka kwake kimya kabisa, kama waziri. Hata mbuzi wa kwenye reli hawakugeuka.

Nyumbani, sahani tupu. Maji yanachemka, unga ungali ndani ya mfuko. Mama akashtuka.

"Weye umetokea wapi? Unaingia kama mwizi!"

Kumbe miaka yote mama anapika bukari, ugali wetu, kwa sikio. Motokari ikinguruma kwenye reli, anamwaga unga; ikikohoa kwa kanisa, anasonga; ikizima mlangoni, bukari iko mezani. Minyi nilidhani ni bahati yangu kuikuta ya moto kila siku.

"Basi mama, nitakuwa napiga honi."

"Papa yako hakupiga honi hata siku moja. Ile makelele njo ilikuwa inaniambia: anarudia nyumbani."

Alisema hivyo akiangalia sufuria, si mimi.

Nimerudi kwa Papa Ngoie. "Nirudishie bomba la zamani."

"Lenye matundu?"

"Lenye matundu."

Ameniangalia kama mgonjwa, lakini amelifunga. Nimevuka reli nikinguruma, mbuzi wamekimbia.

Jirani amekuja mbio kutupa pole, eti matengenezo yote imeshindwa. Nimemusogezea sahani. Mdomo ulikuwa umejaa bukari ya moto.