Sale kwa Kapteni Tuliyemzomea

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini hasira niliyo nayo isinifanye nikose adabu.

Timu imemwacha Kapteni. Baada ya misimu kumi na moja pale katikati ya uwanja, viongozi wameweka picha yake mtandaoni na maneno mawili ya asante, basi. Hawakumwita ofisini hata kwa kikombe cha chai. Habari aliisoma kwenye simu kama sisi wengine.

Nilidhani tawi letu la mashabiki hapa Akheri litawaka moto. Liliwaka kweli, ila upande usiofaa. Jumapili baada ya ibada tulikaa kwenye benchi lako nje ya bucha tukabishana mpaka nyama ikaungua. Nusu wanasema kiungo aliyezeeka ni mzigo. Sisi wengine tunasema huwezi kumtupa mtu aliyeipandisha timu daraja huku kifundo kimefungwa bandeji. Tulikuwa tunawashinda, Baba. Ndipo mwenyekiti mpya, huyu aliyekalia kiti chako, akasema, "Hata marehemu alishasema miguu ya yule imekufa."

Nani abishane na marehemu? Wakakubaliana tuwaandikie viongozi barua ya pongezi, na maneno yako yawekwe mwanzoni kabisa. Na katibu wa tawi ni mimi, kwa hiyo mimi ndiye niliyeambiwa niandike.

Juzi tu walikuwa wanalia kaburini kwako, leo wanaazima mdomo wako kumfukuzia mtu. Ningewatukana wote pale pale, ila kulikuwa na jambo moja lililonifunga ulimi. Maneno hayo uliyasema kweli. Nimewakasirikia wao, lakini wewe nimekukasirikia zaidi.

Unaikumbuka siku yenyewe. Tulikwenda mjini na chupa ya chai na karanga zako kwenye gazeti. Kipindi cha kwanza hakukuwa na mtu mwema jukwaani kama wewe. Yule mama wa kitenge cha kijani aliyekaa safu ya chini yetu ulimmiminia karanga kiganjani mpaka zikamwagika, ukamwambia ale apate nguvu za kushangilia. Kipindi cha pili Kapteni akapoteza mpira, akapoteza na mwingine, tukafungwa. Ukasimama juu ya benchi. "Mtoeni huyo mzee, miguu imekufa, akalime!" Jukwaa likacheka, likapiga makofi, kisha likaanza kuzomea. Uwanja wetu si mkubwa. Aligeuka akakutazama, yeye ambaye hakuwahi kukupita bila kukuamkia. Ulikaa chini ukiwa umeridhika, mimi nikabaki natazama viatu vyangu.

Wiki tatu baadaye ulikuwa kitandani, pumzi inakata, ukaniambia, "Kata sale pale mpakani mwa shamba umpelekee yule kijana. Nilimvunjia heshima." Wewe mwenyewe ulinifundisha nikiwa mdogo kwamba anayepelekewa jani lile hawezi kukataa kusamehe. Ilikuwa kazi ya dakika tano tu, kisu na jani. Nikakujibu, "Utalipeleka mwenyewe ukipona." Ulidhani nina uvivu. Nilikuwa nakataa usife, Baba. Ukafa siku ya nne.

Kapteni alikuja msibani. Alishika koleo, akafukia pamoja na vijana wa ukoo, nami nikammiminia maji ya kunawa bila kusema neno. Hiyo nayo ni juu yangu.

Jumatatu niliamka nikakata sale. Sikukata la mpakani, nilikata lile tulilopanda kichwani pa kaburi lako. Baba mdogo akanikemea kwamba hiyo ni kazi ya wazee wanaume, binti habebi sale. Nikamwambia wazee wanaume wako bucha wanapongeza.

Nilimkuta Kapteni anapakia godoro kwenye pikapu. Nikampa jani, nikamwambia ni lako, Baba, na nusu ni langu kwa kuchelewa. Alilipokea kwa mikono miwili, akalishika kitambo. Akasema ulisema kweli, miguu imechoka, na yeye alikusamehe kabla hata hajatoka uwanjani. Kisha akanirudishia, taratibu tu. "Dada, hili lifikishe kwa mama yangu kule Kikwe. Siku ile alikuwa amekaa mbele yenu. Hajakanyaga uwanjani tena."

Safu ya chini yetu, Baba. Kitenge cha kijani. Ulipomtukana mwanawe, karanga zako zilikuwa bado mkononi mwake.

Nimekaa na jambo hili siku tatu na sijui niliweke wapi. Hukujua, najua hukujua. Mimi nilikuwa pembeni yako na nilijua kwamba yule ni mama wa mtu, kila mwanamke wa umri ule ni mama wa mtu, na sikukuvuta koti.

Barua ya pongezi sijaiandika wala sitaiandika. Karatasi za tawi walizonipa ndizo hizi ninazokuandikia. Jumamosi nakwenda Kikwe, na kila aliyepiga makofi siku ile nimemwambia aje. Mpaka sasa wamekubali wawili, na mmoja ni yule mwenye bucha. Mwenyekiti akiendelea kulitumia jina lako, nitasimama mbele ya tawi niwaambie uliyoyasema mwisho, kitandani, maana hayo niliyasikia peke yangu na nimeyaficha vya kutosha.

Bado nimekukasirikia. Pumzika hivyo hivyo. Nakuahidi nitapiga magoti mbele ya yule mama, nitamwomba kwa jina lako kwanza kisha kwa langu, na nikirudi nitapita kaburini kukuambia alichosema, hata kiwe kibaya namna gani.

Karanga sipeleki. Za kwako zilitosha.

Binti yako,
Eliwaza