Bili ya Nyumba ya Mama

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti limeacha kukusumbua kwenye zile ngazi za nyuma. Sisi huku tunapumua. Wanao wanakua, viatu havimalizi miezi mitatu. Wifi yako hajambo, ingawa siku hizi ananisemesha kwa kipimo. Sababu yake utaiona.

Habari njema kwanza: tumenunua nyumba. Vyumba viwili, sebule, ua wa kuanikia nguo, na mlango usiofunguka mpaka uupige bega. Miaka yote nimeshona makochi ya sebule za watu. Leo nina sebule yangu na sina hata stuli.

Jirani akatuambia kwamba anayenunua nyumba kwa mara ya kwanza husamehewa kodi ya jengo miaka mitano. Wifi yako akajaza fomu kwa ule mwandiko wake mzuri. Penye swali kama mwombaji amewahi kumiliki nyumba, akaandika hapana, akanisogezea. Nikatia sahihi bila kusita, na hilo ndilo linalonitisha hadi sasa.

Karani wa manispaa, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, aliingiza namba ya kitambulisho changu, akasema nina nyumba tangu miaka tisa iliyopita na sijawahi kuchelewa kulipa kodi. Alinipongeza kabisa. Akatugeuzia kompyuta, wifi yako akasoma mtaa na namba ya nyumba: ni ya mama yetu. Akaniuliza kama wamekosea. Nikasema huenda. Karani akatuonea huruma, akasema kama ni nyumba ya familia na jina langu limewekwa tu, nilete barua ya ndugu yangu inayothibitisha hivyo, yaishe.

Nikaiandika, dada. Nikaacha na nafasi ya sahihi yako, maana nilijua utasaini bila kuuliza. Wifi yako aliikuta juu ya cherehani. Akaisoma mpaka mwisho, akaniuliza kazi hii nimejifunzia wapi, kwa sababu inaonekana si mara yangu ya kwanza.

Kweli si ya kwanza. Mwaka ule mama alipopooza, nilimpelekea karatasi nikamwambia ni za kubadilisha jina kwenye mita ya maji. Akaweka dole gumba, kisha akaniuliza kama nimekula. Wewe ulikuwa jikoni unamsagia chakula chake. Zile karatasi zilikuwa za kuhamisha nyumba. Nilijiambia nakulinda, usije ukaolewa na mtu akaiuza. Ni uongo. Niliitaka nyumba, basi.

Kisha ukamuogesha mama miaka saba hadi alipotutoka, ukaezeka bati jipya kwa mshahara wako wa ualimu, na kila mwaka ukanishukuru kwa kulipa kodi ya nyumba. Ulikuwa unawaambia watu kwamba mdogo wako hakusahau. Dada, nilikuwa nailipa ili bili yenye jina langu isifike mlangoni kwako. Kila uliponishukuru nilitaka ardhi inimeze, na bado mwaka uliofuata nikalipa tena na kunyamaza.

Ndani ya bahasha hii kuna hati ya kukuhamishia nyumba. Nimeisaini mbele ya mwanasheria, wifi yako akiwa shahidi. Kuna pia fomu tupu ya msamaha wa kodi. Nilimuuliza karani, akasema anayepewa nyumba naye anahesabiwa, ilimradi hajawahi kumiliki nyingine. Hiyo ni haki yako wewe. Kodi ya nyumba yangu mpya nimeilipa yote. Kuanzia mwakani bili itakuja hapo kwako, hata ikiwa ya sifuri, na jina lako juu yake.

Uniwie radhi, dada. Sikuombi jibu la haraka. Ukitaka kunizaba kibao, niambie siku, nitakuja mwenyewe.

Wanao wanakusalimu sana. Wanauliza shangazi atakuja lini kuona nyumba yetu.

Jambo la mwisho. Hiyo hati usiisaini kwa sababu nimekuletea mimi. Isome mstari kwa mstari, kisha mpelekee mwanasheria nisiyemjua, naye aisome.

Mimi mdogo wako uliyembeba mgongoni,
Fundi makochi