Maelezo ya Dereva Kuhusu Mwanafunzi Aliyebaki Inishdarragh

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Ballinvarra, Jimbo la Mayo

Jina: Malachy Tuohy
Umri: Miaka 61
Kazi: Dereva wa basi la kukodi
Makazi: Barabara ya Kanisani, Ballinvarra

Mnamo tarehe 14 Machi 2019, saa nne na dakika kumi asubuhi, niliwafikisha wanafunzi 22 wa historia na mwalimu wao, Dkt. Heffernan, kwenye ufuo unaotazamana na kisiwa cha Inishdarragh. Walikwenda kuona magofu ya abasia, makao ya kale ya watawa, kisha niwapeleke kwenye kasri la kale. Maji yakipwa, watu huvuka kwa miguu juu ya mchanga. Niliwaambia wote, "Saa sita na nusu muwe ndani ya basi. Maji yakirudi hapa hapapitiki."

Kabla ya kushuka, binti mmoja, Aoibhín Lavelle, alinipa simu yake. Alisema, "Mzee Malachy, imezima. Nichajie, lakini usisome meseji za watu." Nilimjibu kwamba meseji za mke wangu zinanitosha. Alicheka. Nikaichomeka simu karibu na usukani.

Walirudi saa sita na dakika arobaini, wamelowa mvua. Dkt. Heffernan alisimama mlangoni akihesabu vichwa. Alisema, "Wote wamo. Twende, tunasubiriwa kasrini." Nilimuuliza, "Na mwenye simu hii?" Akasema, "Yuko nyuma na wenzake. Malachy, tumechelewa."

Sikuinuka kwenda kutazama. Niliwasha gari.

Saa nane kasoro dakika kumi, tulipokuwa tunashuka kwenye kasri, rafiki yake, Sorcha Deasy, alinijia. Aliuliza, "Aoibhín alikaa huku mbele na wewe?" Nilisema hapana. Alisema alimwacha akinakili majina kwenye kaburi la watu wa ukoo wao waliokufa wakati wa ile njaa kuu ya zamani, akidhani atamfuata. Nilipiga simu kwa waokoaji papo hapo, kisha nikageuza basi.

Tulifika ufuoni saa nane na dakika thelathini na tano. Mchanga haukuonekana tena. Sorcha aliita mpaka sauti ikamkauka. Simu ya Aoibhín ilikuwa imejaa chaji. Iliita mara mbili, jina likatokea "Mama". Sikuipokea.

Saa kumi na dakika ishirini boti ya waokoaji ilimtoa majini, katikati ya njia ya kuvukia. Alikuwa amefariki. Daftari lake lilikuwa ndani ya shati, limefungwa kwenye mfuko wa nailoni.

Tukiwa bado ufuoni, Dkt. Heffernan alinivuta kando. Alisema, "Tuseme alituaga kwamba atabaki. Mimi nina watoto, na wewe una leseni yako." Aoibhín hakutuaga. Niliiona simu yake njia nzima, na nilimwacha.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyatenda, nimeyasema kwa hiari yangu.

Sahihi: M. Tuohy

Maelezo ya ofisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya saa mbili na robo usiku. Mwanzoni nilikuwa nimeandika "tulimwacha". Aliomba nilifute neno hilo, niandike "nilimwacha". Nimefanya hivyo, naye ametia sahihi pembeni.
Sajini N. Grealish