Fungulo ya Chumba Nane

Mireille, mujukuu wangu,

Kati ya bantu bote ba Likasi, ni minye niko na bahati: nililala Nice, kule Ufaransa, katikati ya muji, kwa hoteli kidogo ya bei kali karibu na bahari, na patron, mwenye hoteli, akanipa fungulo ya chumba nane kuwa zawadi. Kambo mwanamuke, bibi yangu, anakusalimia, goti yake inapona.

Unaniuliza kama ukifika kule kwa kazi umusalimie yule patron. Ngoja kwanza.

Usine yetu ya kuyeyusha shaba ilinituma kujifunza mashine mupya. Asubui nikishuka, muzungu mbele yangu akatoka na fungulo yake mufukoni, hakuna aliyemuuliza kitu. Minye, mama wa réception akanifungia njia: "Monsieur, acha fungulo. Tusiende kuitafuta Afrika."

Ee! Minye, capita, mukubwa wa batumikaji ba fonderie! Jeton yangu ya kuingilia kazi nilichunga miaka yote bila kuipoteza, na huyu ananiona mwizi! Nikamuambia: "Mama, shaba ya milango yako pengine ilitoka kwetu. Nani atafute ya mwenzake?" Nikapanda chumbani, nikakamata sanduku yangu, nikatoka kichwa juu.

Mupaka leo hasira inanipanda. Lakini ndani ya treni nikatia mukono mufukoni, nikakuta fungulo. Posta ilikuwa pale niliposhuka, ningeweza kuituma. Sikuirudisha, nikakuja kuitundika kwa salon ya nyumba yetu.

Iko ndani ya hii bahasha, uipeleke kule hoteli. Patron hata sikumujua. Hakuna muntu alinipa ile fungulo. Niliiba.

Kambo yako